Ngano, Njaa na Tumbo la Mtoto

Sisi tulioanza shule mwishoni mwa miaka ya 1950 katika vijiji vya milima ya Uluguru tuliujua mkate kwa jina kabla ya kuujua kwa ulimi. Tuliusoma darasani na kuutaja kanisani katika sala. Nyumbani chakula kilikuwa ugali wa mahindi au wa mtama, wali wa mpunga wa mlimani, ndizi, magimbi, mihogo, viazi vikuu, na maharage au mbaazi kwa kitoweo. Mtu aliyerudi kutoka mjini na mkate mfukoni alionekana ameleta heshima, na kila mtoto alikatiwa kipande aonje. Hapakuwa na mtu aliyesema kwamba mkate ungeweza kumdhuru mlaji.

Leo mambo ni mengine. Mjini Morogoro, kuanzia Msamvu hadi Mafiga na Kihonda, ni vigumu kupita kona asubuhi usimkute mama anayekaanga maandazi au kusukuma chapati. Huko Mgeta na Matombo nako chai bila kitafunwa cha ngano inaanza kuhesabiwa kuwa chai ya shida. Sina ugomvi na jambo hilo. Ngano inatushibisha, na imesomesha watoto wa akina mama wengi. Hata hivyo, wapo wachache miongoni mwetu ambao kila kipande cha chapati kinawaumiza kwa siri, na wengi wao hawajui. Ugonjwa wao unaitwa siliaki. Nia yangu katika insha hii ni kueleza jinsi ulimwengu ulivyochukua karne nyingi kuutambua, kwa nini kwetu umejificha, na nini tunaweza kufanya katika majiko yetu bila gharama kubwa.

Tuanze na safari ya ngano yenyewe. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1880 walikuwa wamekwisha kufungua misheni Morogoro. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki mkate wa Misa lazima uwe wa ngano. Kwa hiyo kila mahali padri alipopanda, ngano ilipanda pamoja naye, ingawa kwa kiasi cha kujaza kisanduku kidogo tu. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na njia ya bidhaa za pwani ikawa fupi. Hata hivyo kwa miaka mingi unga wa ngano uliendelea kuwa kitu cha dukani, cha sikukuu na cha wageni.

Baada ya Uhuru ndipo ngano ilipoingia katika mipango ya taifa. Shirika la Usagishaji la Taifa liliundwa mwaka 1968. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, kilijengwa kiwanda kikubwa cha mikate Dar es Salaam, na mashamba makubwa ya ngano yakafunguliwa katika nyanda za Hanang, mahali ambapo Wabarabaig walikuwa wakilisha ng'ombe wao. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulipotukumba, taifa lililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Waliokaa mabwenini zama hizo hawajasahau unga wa njano wala bulga, ile ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa. Mpaka sasa sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje ya nchi. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022 bei ya unga ilipanda hata kwa mama wa maandazi wa Morogoro, ambaye hana habari na majeshi ya Ulaya.

Kwa ufupi, katika maisha ya mtu mmoja ngano imetoka kanisani na dukani ikaja hadi kwenye kikombe cha uji cha mtoto. Jambo hili tulikumbuke, maana litatusaidia mbele.

Sasa siliaki ni nini? Ukikanda unga wa ngano kwa maji utaona unanata na kuvutika. Ndiyo sababu chapati husukumwa ikawa nyembamba bila kukatika, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa unga wa mahindi. Kinachovutika humo ni protini iitwayo gluteni. Imo katika ngano, na protini za namna hiyo zimo pia katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Watu walio wengi huimeza bila matatizo yoyote. Lakini mtu mwenye siliaki, ambaye amezaliwa na vinasaba vya namna fulani, mwili wake huiona gluteni kama adui. Askari wa mwili huinuka kupigana, na uwanja wa vita ni utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vinyuzi vidogo mno, kama manyoya ya taulo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Katika vita hiyo vinyuzi hulala, hufupika na hatimaye huisha. Hapo mtu anaweza kula sahani tatu kwa siku na bado akawa na njaa katika damu yake.

Mtoto mwenye ugonjwa huu aghalabu huharisha kinyesi kingi chenye mafuta, tumbo hujaa, mikono na makalio hukonda, urefu hauongezeki, na huwa mkali au mnyonge asiyetaka kucheza. Mtu mzima anaweza asiharishe kabisa, ila akawa na upungufu wa damu usiosikia vidonge, vidonda vya mdomoni, uchovu, mifupa dhaifu, au mimba zinazoharibika. Ugonjwa hauambukizi. Hutembea katika ukoo: kati ya ndugu wa karibu wa mgonjwa, takriban 1 kati ya 10 anaweza kuwa nao. Hauna dawa ya kuumaliza. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote, na anayeiacha kweli kweli, utumbo wake hupona.

Ukisikia hivyo utadhani jambo hili lilikuwa rahisi kugundua. La hasha. Tabibu Aretaeus wa Kapadokia aliandika habari za wagonjwa wa namna hii karibu miaka 1,900 iliyopita, akawaita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo. Ndiko jina siliaki lilikotoka. Mwaka 1888 Samuel Gee, daktari wa watoto London, alieleza ugonjwa huo kwa ufasaha na kusema kwamba kama kuna kupona, basi kupona kutatokana na chakula. Alikuwa amepiga hodi kwenye mlango wenyewe, lakini hakujua ni chakula gani. Alisimulia mtoto mmoja aliyenawiri kwa kulishwa kome wa baharini kila siku. Msimu wa kome ulipokwisha mtoto akarudi katika hali mbaya.

Mwaka 1924 Sidney Haas, daktari wa New York, alitangaza kwamba amewaponya watoto 8 kwa kuwalisha ndizi. Sisi tuliokua chini ya migomba ya Uluguru tungeweza kujivunia habari hiyo, na kwa kweli ndizi ziliokoa maisha ya watoto wengi. Lakini Haas hakuiona sababu. Pamoja na kuwapa ndizi alikuwa amewakataza mkate na vyakula vingine vya nafaka. Yeye aliisifu ndizi iliyoingia, hakuushitaki mkate uliotoka. Matokeo yake, watoto waliodhaniwa wamepona walirudishiwa mkate, na madhara yakaendelea kimyakimya.

Aliyekamata uzi wenyewe ni Willem Karel Dicke wa Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1905. Katika miaka ya 1930 alikuwa akiwatibu watoto katika hospitali ya watoto mjini The Hague. Inasimuliwa kwamba mama mmoja alimwambia kuwa mwanawe hupata nafuu anapoondolewa mkate, na akirudishiwa, taabu hurudi. Madaktari wengi wangeyapuuza maneno hayo. Dicke hakuyapuuza, alianza kuwajaribu wagonjwa wake kwa chakula kisicho na ngano.

Ikaja vita. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, Wajerumani walizuia chakula kisifike miji ya magharibi ya Uholanzi. Watu wapatao 20,000 walikufa. Waliobaki walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wote walidhoofu, lakini Dicke aliona kinyume cha ajabu: watoto wake wenye siliaki hawakuzidiwa, bali walipata nafuu. Mkate ulipopatikana tena, wenzao wakachangamka na wao wakaanza kuugua upya. Njaa iliyoua maelfu ilikuwa imethibitisha maneno ya mama yule. Mwaka 1950 Dicke aliandika utafiti wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na kufikia mwaka 1953 yeye na wenzake Weijers na van de Kamer walikuwa wameonyesha kwa vipimo kwamba kinachodhuru ni gluteni ya ngano. Mwaka 1954 daktari Mwingereza, John Paulley, akaeleza jinsi ukuta wa utumbo unavyoharibika.

Naomba msomaji ayatazame matukio haya kwa pamoja. Kila mmoja wa waliotangulia alitafuta kitu cha kumwongezea mtoto: kome, ndizi, na vinginevyo. Ukweli ulionekana pale tu kitu kilipoondolewa. Hilo ni jambo gumu kwa akili ya mzazi yeyote, na kwetu ni gumu zaidi, kwa sababu historia yetu ya lishe imetufundisha kuongeza.

Wakati Dicke anaandika Uholanzi, madaktari wa Afrika walikuwa wakipambana na ugonjwa mwingine wa watoto. Daktari Cicely Williams aliueleza akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na mwaka 1935 akautangaza kwa jina alilolipata kwa Waga wa huko: kwashiorkor. Hapa jirani, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Hugh Trowell na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu yake mwaka 1954. Mtoto wa kwashiorkor ana tumbo lililojaa, misuli iliyoisha, kuharisha, na huzuni usoni. Mtazame kwa mbali mtoto wa siliaki, utaona sura inayokaribiana sana. Lakini mmoja huponywa kwa kuongezewa chakula, na mwingine kwa kupunguziwa aina moja ya chakula. Na kwa kuwa wa kwanza walikuwa wengi mno, nani angemtafuta wa pili?

Ipo sababu nyingine iliyouficha. Huko Ulaya madaktari walijifunza kuutambua kwa kukata kipande kidogo cha utumbo na kukitazama kwa hadubini. Lakini mwaka 1969 Cook, Kajubi na Lee walichapisha uchunguzi wao uliofanyika Uganda, wakaonyesha kuwa utumbo wa watu wa huko hauna sura ileile ya utumbo wa Mwingereza. Vinyuzi vya watu wengi wa nchi za joto ni vifupi, hata kwa wasio na ugonjwa wowote wanaoujua, na sababu kubwa ni vijidudu vya maji na uchafu tunavyoishi navyo tangu utotoni. Basi dalili iliyo wazi London huwa na ukungu Kampala au Morogoro.

Halafu, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa Kagera. Upande wa pili wa mpaka, Uganda, waliuita silimu, yaani ugonjwa wa kukonda. Tangu hapo mtu aliyekonda na kuharisha kwa miezi hakuwa tena mgonjwa wa tumbo machoni pa majirani. Alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Mwalimu mmoja kijana, mwanachuo wangu wa zamani, ameniruhusu niseme habari zake bila kumtaja. Kwa miaka sita aliugua. Alitibiwa amiba, alitibiwa minyoo, alimeza vidonge vya kuongeza damu mpaka akavichukia. Alipimwa virusi vya UKIMWI mara tatu, na mara zote hakuwa navyo, lakini cheti cha hospitali hakisomwi kisimani. Mimba mbili ziliharibika. Asubuhi alikunywa chai na chapati kwa kuwa zilikuwa karibu na shule, na kila alipozidi kudhoofu wenzake wema walimwongezea chapati ya pili. Hatimaye daktari bingwa wa tumbo alimpima damu kutafuta askari wale wa mwili, kipimo ambacho msingi wake ulipatikana mwaka 1997, kisha akamwingiza mpira wenye kamera tumboni. Ilikuwa siliaki. Baada ya mwaka mmoja wa ugali, wali, ndizi na viazi, damu ilipanda na mwili ukarudi.

Shida iliyobaki ilikuwa meza. Kwetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kumkataa mwenyeji. Alipokwenda kwa wakwe zake kwenye sherehe akiwa na chakula chake ndani ya kikapu, mama mkwe alinyamaza kwanza, kisha akamwita uani.

“Mwanangu, kwangu kuna njaa hata uje na chakula?”

“Hapana, mama. Ni tumbo langu. Ngano inanichoma, hata kidogo tu.”

“Hata ya kwenye chapati zangu?”

“Hata hiyo, mama. Daktari kaandika.”

Mama alinyamaza tena. “Basi nionyeshe chungu cha kutenga. Hilo mbona dogo.”

Tangu siku hiyo mama yule ndiye mlinzi wake. Atakayemwekea sambusa kwenye sahani atasikia kwa mama. Napenda sana neno lake, mbona dogo, kwa kuwa lina ukweli mkubwa. Ulaya na Marekani mwenye siliaki alipaswa kutafutiwa mkate wa namna mpya, kwa maana maisha yao yote ya mezani yalijengwa juu ya ngano. Kwetu chakula chake kipo tayari, tena ndicho chakula cha babu zetu. Nenda Soko la Chifu Kingalu ukatazame: mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, magimbi, viazi vya Mgeta, ndizi za aina zote, maharage, kunde, choroko, karanga, mboga, matunda, mayai, dagaa, nyama. Hakuna gluteni hata chembe katika hivyo. Makande ni yake. Pilau ni yake. Kitumbua cha mchele na mkate wa kumimina ni vyake. Togwa ya mahindi iliyotiwa kimea cha ulezi au mtama ni yake.

Hatari iko katika mchanganyiko. Nitaitaja ili mpishi wa shule, mama lishe na mwenye hoteli wajue. Baadhi ya wapishi huongeza unga wa ngano katika vitumbua au bagia ili vishikamane. Mchuzi huweza kuzidishwa uzito kwa kijiko cha unga uleule. Chipsi zikikaangwa katika mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi au sambusa, hazifai tena. Kikaango cha chapati kisipooshwa hubaki na unga. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano huacha vumbi lake katika mahindi yanayofuata. Bia ya kiwandani aghalabu ni ya shayiri. Na mtu asidhani kuwa kidogo hakidhuru: kipimo cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo moja.

Mambo mawili yananigusa zaidi. La kwanza ni uji wa lishe. Katika nyumba na shule nyingi unga huo huchanganywa mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, na mara nyingi ngano. Ni uji mzuri, na umewasaidia watoto wengi. Lakini mtoto mwenye siliaki anapodhoofu, kila mwenye huruma humwongezea kikombe. Ni mkasa uleule wa mkate uliorudi Uholanzi, isipokuwa hapa hakuna anayeandika daftarini. Dawa yake si kuuacha uji, bali wauzaji waandike kwenye mfuko kila kilichomo, na pawepo uji usiotiwa ngano. Mjini kwetu tuna Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho hufundisha sayansi ya chakula. Hatuko mbali na wataalamu wa kuwashauri wasagaji na wachanganyaji wetu.

La pili ni meza ya Bwana. Waumini wengi wa Uluguru ni Wakatoliki, na kwa mwenye siliaki hostia ya kawaida ni ngano kama ngano nyingine. Asione haya kumweleza padri wake. Barua ya Roma ya mwaka 2003 ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Misa, lakini iliyopunguzwa sana gluteni inafaa, na kwamba muumini asiyeweza kula hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Kanisa lenyewe limekwisha kumfikiria mtu huyu. Parokia nazo zimfikirie.

Je, watu hawa ni wangapi? Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2018 ulikadiria kwamba watu 14 katika kila 1,000 wana dalili za ugonjwa katika damu, na 7 huthibitishwa kwa kupimwa utumbo. Kusini mwa Sahara tafiti ni chache mno, kwa hiyo sitamkisia mtu wa Morogoro. Lakini Afrika haiko nje ya jambo hili. Mwaka 1999 ilitangazwa kwamba kati ya watoto wa Kisahrawi, wa Sahara Magharibi, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa na siliaki, kiwango cha juu kuliko cha Ulaya. Wazee wao waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Mkate wa ngano uliwajia kwa wingi katika vizazi vya karibuni. Simwambii mtu kwamba yaliyowapata Wasahrawi yatatupata sisi, kwani vinasaba hutofautiana. Nasema tu kwamba ngano inapobadilisha sahani ya watu, ni busara wauguzi na walimu wao wajue inachoweza kufanya.

Hapa sina budi kuonya. Malaria, minyoo, kifua kikuu na njaa ya kawaida bado vinawasumbua watoto wetu kuliko siliaki, na kila mwenye kuharisha apimwe hivyo kwanza. Asiwepo mtu wa kuacha ngano kwa kusikia habari hizi; mwenye tumbo zima ale chapati yake kwa amani. Na mwenye shaka asiiache kabla ya kupimwa, kwani akiiacha, damu husafishika na kipimo hakisemi kweli. Aende hospitali angali anakula, amweleze daktari, ndipo afuate atakaloambiwa.

Watanzania si wageni katika kufundishana mambo ya mwili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka uleule wa 1973. Siliaki haihitaji kampeni ya ukubwa huo. Inahitaji somo moja katika chuo cha ualimu, mazungumzo ya nusu saa na wapishi wa shule, na maneno machache ukutani katika kliniki ya mama na mtoto.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia mtoto ni mama yake. Kwa hiyo, mama anapokuja kliniki au ofisini kwa mwalimu mkuu na kusema, “Mwanangu akila mkate hudhoofu,” tusimjibu haraka kwamba mkate ni chakula bora. Tumwombe aketi, tuchukue kalamu, tumwulize: huumwa siku zipi, na siku hizo alikula nini? Kisha tumwandikie barua ya kwenda kwa daktari, na hayo yote tuyaandike humo kwa maneno yake mwenyewe.